Injini ya Ndege ya Modeli: Si Kila Inayozimika Ni Mbovu

Sisi tunaorusha ndege za modeli hapa Dar tuna mazoea: ndege ikizima angani, lawama yote ni ya injini. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi nilipoifungua ya kwangu nikakuta beringi zimeota kutu.

Dhana: Injini iliyokaa kabatini haiharibiki.

Huku pwani huharibika, tena upesi. Nyingi ya injini hizi ndogo hunywa methanoli, na methanoli hufyonza unyevu wa hewani. Mji ambao chumvi hulowa ndani ya kopo, beringi itasalimika vipi? Kabla ya kuondoka uwanjani, chomoa mpira wa mafuta injini ikiwa bado inanguruma, imalize yaliyobaki izime yenyewe. Tia matone ya oili, zungusha propela kwa mkono mara kadhaa. Dumu nalo lifungwe barabara. Mafuta yaliyovuta maji huifanya injini isuesue hata ukichezea sindano, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia, mpaka magharibi.

Dhana: Ukibana sindano mpaka injini ilie kwa ukali, ndiyo nguvu yenyewe.

Hapa ndipo injini nyingi hunoki. Oili yake imo ndani ya mafuta, kwa hiyo ukipunguza mafuta umepunguza kilainishi na kipoza joto kwa mpigo mmoja. Chini inasikika tamu. Ikipaa, propela inapata wepesi, mizunguko inapanda, joto nalo linafuata. Tafuta mzunguko wa juu kabisa, kisha legeza kidogo. Mwenzio aishike ndege, ainue pua kuelekea juu kwa sekunde chache; ikififia, legeza tena. Ukiona ndege inaacha mkia wa moshi angani, furahi.

Dhana: Injini mpya iendeshwe polepole, kama pikipiki mpya.

Inategemea. Yenye ringi kwenye pistoni, sawa. Lakini ile ya silinda ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu na pistoni ya alumini huwa imebana kule juu kwa makusudi, na ikipata moto silinda hutanuka, pistoni ikapata nafasi. Ukiiendesha ikiwa baridi kwa saa nzima unaisugua bure.

Dhana: Bila nitromethani nyingi, ile kemikali ya kuongeza nguvu kwenye mafuta, hakuna mwendo.

Katika mashindano ya kimataifa ya kasi ya ndege za waya, zinazomzunguka rubani aliyezishika kwa waya, daraja la F2A, mafuta ni methanoli asilimia 80 na mafuta ya nyonyo 20, basi. Injini ni za sentimita za ujazo 2.5, na ndege hukaribia kilomita 300 kwa saa.

Dhana: Sindano ikishapatiwa, haiguswi tena.

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu. Hewa nzito hudai mafuta zaidi, kwa hiyo mgeni akishuka na injini yake kutoka huko, ailegeze sindano kwanza ndipo arushe.