VSC ni nini, na kwa nini taa yake huwaka kwenye Prado ya zamani

VSC ni jina ambalo Toyota wameupa mfumo unaolizuia gari lisiserereke upande dereva anapoingia kona vibaya au anapokwepa kitu ghafla. Nissan na Subaru huuita VDC, Honda huuita VSA, Mercedes-Benz na Volkswagen huuita ESP. Herufi hubadilika, kazi ni ileile. Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1995. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ukaulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 2014.

Prado J120, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009, ni ya kabla ya sheria hizo. Ndiyo maana baadhi zina VSC na nyingine hazina. Prado mbili zinazofanana kwa nje kama mapacha zinaweza kuwa na breki tofauti kabisa chini ya boneti. Mwenye gari ajue ya kwake ni ipi kabla hajanunua spea hata moja.

Kompyuta ya VSC hujiuliza maswali mawili mara nyingi kwa kila sekunde: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi? Jibu la kwanza hutoka kwenye sensa iliyo ndani ya usukani, inayopima umegeuzwa nyuzi ngapi. Jibu la pili hutoka kwenye sensa iliyofungwa sakafuni, chini ya konsoli ya katikati. Hiyo hupima gari linajizungusha kwa kasi gani, kama pia ya watoto, na linasukumwa upande kwa nguvu kiasi gani. Sensa nne za magurudumu, ambazo mafundi huziita sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki), huongeza mwendo wa kila tairi. Sensa ya presha kwenye master silinda, yaani silinda kuu ya breki inayosukumwa na pedali, hueleza dereva amekanyaga breki kwa nguvu gani.

Majibu yakipingana, kompyuta huingilia. Tuseme gari linakata kona ya kushoto na pua yake inakataa kugeuka, inateleza kuelekea nje. VSC hubana gurudumu la nyuma kushoto peke yake, na pua huvutwa irudi ndani. Kama ni mkia unaofyatuka kwenda nje, hubana gurudumu la mbele kulia. Wakati huohuo hupunguza nguvu ya injini hata kama mguu bado uko kwenye mafuta. Kwa gari refu kama Prado, lenye watoto nyuma na mizigo juu ya paa, huu si urembo. Gari la namna hiyo likishaanza kwenda kiubavuubavu, tairi likikita kwenye ukingo wa lami au kwenye shimo, linapinduka.

VSC haina breki zake yenyewe. Hutumia diski zilezile, mafuta yaleyale ya breki, na pampu ileile ya ABS. Pia haina macho. Huishi kwa kuamini sensa, na ikishindwa kuiamini hata moja tu, hujitoa kazini na kuwasha taa. Taa hiyo basi haimaanishi "VSC imekufa". Inamaanisha kuna taarifa ambayo mfumo umeikosa, na kazi ya fundi ni kuitafuta taarifa hiyo. Anayekimbilia kubadilisha pampu ya ABS kwa sababu taa ya ABS inawaka mara nyingi amebadilisha kifaa kizima na kuacha waya uliokatika.

Angalia kwanza ni taa zipi zimewaka pamoja. VSC OFF ikiwaka baada ya kufunga difu ya katikati si ugonjwa, mfumo hujizima wenyewe kwa sababu magurudumu ya mbele na nyuma yamefungwa pamoja. Taa ya gari linaloteleza ikipepesa sekunde mbili tatu kwenye tope maana yake mfumo uko kazini. VSC ikiwaka pamoja na taa ya injini, anza na injini. VSC huhitaji kupunguza nguvu ya injini, na kompyuta ya injini ikiwa na hitilafu yake, labda sensa ya oksijeni au silinda isiyochoma sawasawa, VSC hujiondoa. Kwenye kompyuta ya breki hubaki namba ya hitilafu C1201, ambayo maana yake ni "tafuta kwa jirani". Watu wengi wamefungua breki bure kwa sababu hiyo.

ABS na VSC zikiwaka pamoja, breki za kawaida bado zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Ikiongezeka taa nyekundu ya BRAKE, na handbreki umeishusha na mafuta ya breki yapo, umepoteza pia ugawaji wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya mbele na gari likageuka. Nyekundu pamoja na mlio mfululizo ni jambo zito kuliko yote, nitalirudia chini.

Baada ya taa, soma namba za hitilafu. Mashine ya bei nafuu inayosoma injini tu haitoshi, lazima iwe inaingia kwenye ABS. Kwenye Toyota, C0200 ni sensa ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. C1231 ni sensa ya usukani, C1234 ni ile ya chini ya konsoli, C1241 ni umeme mdogo, C1249 ni swichi ya taa za breki. Namba hutaja njia ya umeme yenye shida. Haisemi kifaa kimekufa.

Kwenye gari lililotembea miaka kumi na mitano au zaidi, sensa za magurudumu ndizo zinazosumbua mara nyingi, na mara nyingi kosa si la sensa yenyewe. Waya wake hupinda kila tairi linapopanda na kushuka, hivyo hukatika kwa ndani huku ganda likionekana zima. Ncha ya sensa yenye sumaku hukusanya vumbi la chuma. Pete yenye meno inayozunguka mbele ya sensa hupata kutu, kutu huvimba, na pete hupasuka au husogea. Kuna dalili moja ya hakika: unapunguza mwendo taratibu kwenye lami kavu, na kabla tu gari halijasimama, pedali inatetemeka na pampu inalia. Hapo sensa moja inapoteza ishara mwendo ukiwa mdogo, kompyuta inadhani gurudumu limejifunga, inaachia breki. Ni hatari kwenye foleni, kwa sababu gari linasogea mbele wakati wewe umekanyaga.

Sensa ya zamani ya koili hupimwa kwa mita. Nyingi husoma kati ya kilo-omu 1 na 2, lakini kulinganisha ya kulia na ya kushoto kunasaidia zaidi kuliko namba yenyewe. Pima huku ukiuchezesha waya. Namba ikiruka, waya ndio mbovu. Sensa za kisasa zenye kisaketi ndani hazipimwi kwa omu. Kwa hizo, unganisha mashine, mtu mwingine aendeshe moja kwa moja kwa kilomita 30 kwa saa, na utazame mwendo wa magurudumu yote manne. Zote zinapaswa kwenda sawa. Inayoshuka hadi sifuri kabla ya wenzake ndiyo yenye kesi.

Matengenezo nayo huleta hitilafu. Baadhi ya beringi zina pete ya sumaku upande mmoja, ndani ya sili. Fundi akiigeuza wakati wa kuipiga ndani, sensa haioni kitu, na beringi ni mpya kabisa. Kwenye magari ambayo pete imekaa kwenye jointi ya CV (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu), jointi ya badala inaweza kuja bila pete au ikiwa na idadi tofauti ya meno. Hesabu meno kabla ya kufunga.

Tairi pia huidanganya kompyuta. Tairi jipya la 265/65R17 lina kipenyo cha karibu milimita 776. Likilika milimita 6, kipenyo hupungua milimita 12, yaani asilimia moja na nusu. Hilo mfumo hulivumilia. Lakini ukifunga 265/70R17 kwenye ekseli moja tu, tofauti ni zaidi ya asilimia tatu, na kwa kompyuta hayo ni magurudumu mawili yanayoteleza kutwa nzima. Kwenye gari la magurudumu yote, difu ya katikati nayo inaumia.

Umeme usisahaulike. Injini ikiwaka, betri isome takriban volti 13.5 hadi 14.5. Betri iliyochoka hushusha umeme wakati wa kuwasha, taa zote tatu zinajaa kwenye dashibodi, na mwenye gari anaambiwa anunue pampu ya ABS. Safisha kwanza vichwa vya betri na waya wa ardhi.

Baada ya kubadilisha sensa ya usukani au ile ya chini ya konsoli, mfumo huhitaji kuambiwa upya sifuri iko wapi. Bila hivyo hubaki namba C1210 au C1336. Mashine nzuri hufanya kazi hiyo yenyewe. Kwenye Toyota nyingi za kizazi hicho inafanyika pia kwa kipande cha waya kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, usukani umenyooka, gia P, wala mtu asilitikise. Washa swichi bila kuwasha injini, unganisha na kuachanisha tundu la 4 na la 12 angalau mara nne ndani ya sekunde 8. Sifuri ya zamani inafutika. Zima swichi. Unganisha tena 4 na 12, washa swichi, subiri gari likiwa limetulia mpaka taa ya VSC ianze kupepesa, kisha zima na toa waya. Hesabu matundu mara mbili: la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja. Usukani ukiwa umekaa mshazari gari linapokwenda moja kwa moja, fanya alaimenti kwanza, la sivyo unaifundisha kompyuta uongo.

Sasa ule mlio. Prado nyingi za J120 zenye VSC hazina lile busta jeusi la duara linalotumia mvuto wa hewa ya injini kuongeza nguvu ya mguu kwenye breki. Zina busta ya mafuta ya breki: pampu ya umeme iliyoshikana na master silinda hujaza chupa ndogo ya chuma yenye gesi ya naitrojeni, na presha ya chupa hiyo ndiyo inayosaidia mguu wako. Breki za nyuma hupata nguvu yake humo. Presha ikiisha, taa nyekundu inawaka, mlio hauachi, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na kinachobaki ni nguvu ya mguu kwenye breki za mbele. Hapo gari lisiendeshwe. Livutwe.

Mara nyingi pampu huonya kabla ya kufa. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara 40 ili kumaliza presha, kisha washa swichi na usikilize. Pampu inapaswa kulia kwa sekunde 30 hadi 40 hivi, halafu inyamaze. Ikizidi hapo, kaboni za mota zimelika au kuna uvujaji wa ndani. Ikinyamaza vizuri lakini inalia tena kila unapogusa pedali mara moja tu, au inajiwasha hakuna aliyekanyaga, chupa imepoteza gesi au valvu haishiki presha. C1252 husema mota imefanya kazi muda mrefu mno, C1256 husema presha ya chupa iko chini. Ukiziona hizo, anza kutafuta spea mapema, na ulinganishe namba ya kifaa. Master silinda ya Prado isiyo na VSC haiwezi kuingia hapa.

Mara 40 hizo ni za lazima pia kabla ya kufungua paipu yoyote, kwa sababu presha iliyomo inaumiza, na kabla ya kuongeza mafuta ya breki. Presha ikiwa juu, kiwango kwenye kopo huonekana kidogo. Ukijaza wakati huo, mafuta yatafurika yakirudi.

Kutoa upepo kwenye breki nako ni tofauti. Mbele hutolewa kwa kukanyaga kama kawaida. Nyuma, washa swichi, mtu akanyage na kushikilia pedali, ufungue niplo (skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye breki ya gurudumu): pampu yenyewe inasukuma mafuta kwa nguvu. Kopo hukauka upesi, basi mtu asimame pale na chupa mkononi. Ipe pampu mapumziko, usiiache ilie dakika nzima nzima.

Tumia mafuta ya DOT 3 na ubadilishe yote kila miaka miwili au kilomita 40,000. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishafyonza maji kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 140, na kwenye mteremko mrefu diski huzidi hapo kwa mbali. Maji hayohayo huotesha kutu ndani ya pampu. Mafuta ya usukani au ya injini yasiguse kopo hilo hata tone, huvimbisha raba zote za mfumo.

Kuna mafundi wanaochomoa balbu ya taa au kuibandika gundi ili gari liuzike. Washa swichi na utazame: ABS, VSC na BRAKE zote lazima ziwake kwanza, halafu zizime. Isiyowaka kabisa imefichwa.

Ukimaliza kutengeneza, futa namba, kisha endesha mahali peupe hadi kilomita 40 kwa saa na ukanyage breki kwa nguvu kwenye changarawe. Pedali itetemeke na gari lifuate usukani. Halafu soma namba tena, kwa sababu kompyuta haiwezi kuikagua kikamilifu sensa ya gurudumu gari likiwa limesimama gereji.