Maadili ya akili mnemba ni nini, na yalianzia wapi?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mama yangu mdogo kule Tandahimba huwahi kwenye ghala la chama cha msingi na kusimama jirani kabisa na mizani. Gunia likipandishwa, macho yake yako kwenye namba. Karani akitaja kilo ambazo yeye hakuziona, husema, "Rudisha, mwanangu, tupime tena." Gunia linarudishwa. Akiridhika, anachukua stakabadhi yake anaondoka.

Naanza na mizani kwa sababu neno maadili hutupeleka haraka kwenye tabia njema na mafunzo ya jando na unyago. Kwenye kuongoza akili mnemba (wengine huiita akili unde), yaani kompyuta zinazotambua vitu na kuamua kama mtu, maadili ni zaidi ya nia njema ya mtengenezaji. Ni kanuni zilizoandikwa, watu wenye mamlaka ya kuzisimamia, na mlango wa kugonga pale mashine inapomkosea mtu.

Utaratibu huu ulizaliwa kwenye tiba kabla ya kufika kwenye kompyuta. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi waliokuwa na kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na bila kupewa penisilini hata ilipokwishajulikana kuwa inatibu. Watu walikufa. Mwaka 1974 Marekani ikatunga sheria ya utafiti, na 1979 ikatoka Ripoti ya Belmont yenye misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtakia mema, na kutenda haki. Kamati za maadili, ambazo leo mtafiti hupitia kabla ya kumgusa mgonjwa, zilipata nguvu katika kipindi hicho.

Watu wa akili mnemba waliazima maneno hayo, ila kamati zenye meno hawakuziazima. Mwaka 2017 zilitoka kanuni 23 za Asilomar, zilizotokana na mkutano wa watafiti huko California, Marekani. Mwaka 2018 Google ikatangaza kanuni zake, baada ya wafanyakazi wake kupinga kazi ya kuchambua picha za droni za jeshi. Mwaka uliofuata ikaunda baraza la washauri wa nje na kulivunja baada ya siku chache tu. Kwangu mimi hapo ndipo somo lilipo: baraza ambalo aliyeliunda anaweza kulivunja kwa tangazo moja halimlindi mkulima wala mgonjwa.

Na madhara yalikwishaonekana. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika karibu asilimia 35. Ukiwatazama wanawake waliopanga foleni ghalani Newala, utajua hesabu hiyo inamhusu nani.

Baada ya hapo serikali ziliingia. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ilipitisha kanuni zake 2019, UNESCO ikapitisha pendekezo lake Novemba 2021, na Umoja wa Ulaya ukaenda mbali zaidi: sheria yake, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024, inapiga marufuku baadhi ya matumizi na kutoza faini. Mwaka huohuo Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wake wa bara.

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake. Wengi huku Kusini hawajui kwamba sheria hiyo inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: uamuzi wenye athari kubwa kwako ukitolewa hivyo, una haki ya kutaka uangaliwe upya. Kwa hiyo siku kamera itakapowekwa ghalani kupanga korosho daraja la kwanza na la pili, swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu wa chama, kabla haijafungwa ukutani, ni hili: mama mdogo akisema "rudisha", nani atarudisha?