État de siège: maana yake, na kwa nini watu wa Goma waliitilia shaka

État de siège, yaani hali ya hatari ambapo jeshi hushika utawala, ni utaratibu wa Katiba ya Kongo unaotumika pale hatari kubwa inapotishia uhuru au mipaka ya nchi, au inapokwamisha kazi za serikali. Ibara ya 85 inampa Rais uwezo wa kuutangaza, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wa mabunge yote mawili. Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi tarehe 3 Mei 2021, na utaratibu ukaanza tarehe 6 Mei katika Kivu Kaskazini na Ituri. Gavana wa kiraia aliondoka Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, akaingia Luteni Jenerali Constant Ndima. Mameya nao walipisha maofisa wa polisi na jeshi, na bunge la jimbo likasimamishwa. Kivu Kusini haikuguswa, kwa hiyo Bukavu ilibaki na gavana wake wa kiraia.

Gavana wa kijeshi alipewa uwezo wa kupekua nyumba usiku na mchana, kukataza mikutano na machapisho yanayoonekana kuvuruga usalama, na kuzuia watu kutembea. Kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi, jambo linaloruhusiwa na ibara ya 156.

Kwa sababu mamlaka haya ni mazito, Katiba iliyafungia breki, na hapo ndipo penye kiini cha dhana yenyewe. Tangazo linadumu siku 30, kisha linakufa lenyewe. Kuliongezea uhai kunahitaji ruhusa ya Bunge na Seneti, siku 15 tu kila mara, na wabunge wanaweza kulifuta siku yoyote kwa kupitisha sheria. Ordonansi, yaani amri za Rais, zinazolitekeleza hupelekwa Mahakama ya Katiba mara tu zinapotiwa sahihi. Ibara ya 61 inataja haki ambazo hazisimamishwi hata chini ya jeshi: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutohukumiwa kwa kosa lisilo katika sheria, kujitetea na kukata rufaa, kutofungwa kwa sababu ya deni, uhuru wa mawazo na dini.

Siku 15 ziliwekwa ili serikali irudi kila mara kueleza imefanya nini na kwa nini inahitaji siku zaidi. Badala yake, kura ikawa desturi. Hadi Oktoba 2023 muda ulikuwa umeongezwa zaidi ya mara 50. Tena Bunge lilipokwenda likizo, lilikuwa likiiachia serikali ijiongezee muda yenyewe. Anayepaswa kukagua alipomkabidhi anayekaguliwa kalamu, swali la matokeo lilikosa pa kuulizwa.

Kwenye mahakama hali ilikuwa mbaya zaidi. Majaji wa kijeshi walikuwa wachache, na ghafla wakabebeshwa wizi, ubakaji, ugomvi wa mashamba uliofikia damu, kila kitu. Faili zililala. Gereza la Munzenze mjini Goma, lililojengwa kwa wafungwa wapatao 350, lilikuwa tayari limefurika. Sasa likajaa maelfu, wengi wao wakingoja kusikilizwa tu. Aprili 2022 wanaharakati wa LUCHA, vuguvugu la vijana, waliokamatwa Beni kwa kuandamana kupinga utaratibu huu walihukumiwa miezi 12. Na usalama wenyewe? Waasi wa ADF waliendelea kuua Beni na Ituri, na Juni 2022 mji wa mpakani wa Bunagana ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23, jimbo likiwa chini ya jenerali.

Shaka ya watu ilikua pia kwa sababu ya bunduki. Ibara ya 190 inakataza wanamgambo binafsi na kuwapa vijana silaha, na lengo lililotangazwa 2021 lilikuwa kuyamaliza makundi yenye silaha. Novemba 2022 Rais aliwaita vijana waunde vikundi vya ulinzi, na makundi ya zamani yakarudi barabarani kwa jina la Wazalendo. Mwananchi wa Masisi aliyeambiwa jana asalimishe silaha alikuwa na haki ya kuuliza ni sheria gani inayotumika leo. Tarehe 30 Agosti 2023 jeshi liliwaua zaidi ya watu 50 mjini Goma, waumini wa dhehebu moja waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Ndima akaitwa Kinshasa. Wiki mbili tu kabla, meza ya mazungumzo huko Kinshasa ilikuwa imesikia wajumbe wengi wakitaka utaratibu uondolewe. Oktoba ilitangazwa kwamba utalegezwa hatua kwa hatua.

Utaratibu huu ukitangazwa tena popote, Lubumbashi au Bukavu, angalieni kwanza tarehe ya mwisho wa siku 30, kisha orodha ya makosa yaliyohamishiwa jeshini. Ndugu akikamatwa, ulizeni anashtakiwa kwa kifungu gani na amefikishwa oditora (ofisi ya mwendesha mashtaka wa kijeshi) gani, daini wakili siku hiyohiyo, na hukumu ikitoka kateni rufaa, kwani haki hiyo hakuna gavana wa kijeshi anayeweza kuifuta.