Maana ya "Mchoro wa Aina" katika Sura za Waindonesia Enzi za Waholanzi

Mchoro wa aina ni picha ya mtu mmoja iliyochorwa ili isimame badala ya kundi zima. Aliyeketi mbele ya mchoraji alikuwa na jina, ukoo na shughuli zake za siku ile, lakini chini ya karatasi iliandikwa "Mjava" tu, au "mwanamke wa Kimalei", au "mchuuzi", na jina lake likapotea hapo hapo. Mchoro wa mtu ni kitu kingine kabisa: humtambulisha mhusika mwenyewe, na sura yake haiwezi kuhamishiwa kwa jirani yake. Penseli ni ileile na karatasi ni ileile, hata ustadi unaweza kuwa uleule. Kinachotenganisha viwili hivi ni kusudi la mchoraji, na kusudi hilo mara nyingi husomeka pembezoni mwa karatasi, pale palipoandikwa maelezo.

Katika koloni la Uholanzi ambalo leo ni Indonesia, sura za wenyeji zilichorwa na maofisa wa jeshi, watumishi wa serikali na wachoraji walioajiriwa kufuatana na misafara ya wanasayansi. Penseli iliwafaa kwa sababu haihitaji maji wala mafuta, haisubiri kukauka katika hewa yenye unyevunyevu, na daftari la kuchorea hubebeka popote. Hata hivyo, mchoro huo mara nyingi ulikuwa hatua ya kwanza tu. Ulipelekwa Uholanzi, ukachorwa upya juu ya jiwe la kuchapia, ukatolewa nakala nyingi na pengine kutiwa rangi. Ndivyo zilivyopatikana albamu kama ile ya Auguste van Pers, iliyochapishwa The Hague miaka ya 1850, ambayo jina lake lenyewe lilitangaza kwamba ni mkusanyo wa "aina" za watu wa Mashariki. Fundi aliyeshika jiwe hakuwahi kumwona aliyechorwa, kwa hiyo kovu, mkunjo wa jicho au uchovu wa uso vingeweza kulainishwa bila yeye kujua amefuta nini. Ninaona hasara hii kuwa kubwa kuliko ile ya jina, kwa sababu jina laweza kupatikana siku moja katika nyaraka nyingine, lakini uso hauna nakala.

Kamera haikuiondoa dhana hii ya "aina". Studio ya wapiga picha Woodbury na Page ilipofunguliwa mwaka 1857 huko Batavia, mji mkuu wa koloni (leo Jakarta), wenyeji walipigwa picha wakiwa wameshika mizigo na zana za kazi, na picha hizo zikauzwa kwa maelezo ya namna ileile.

Mfano unaoonyesha upande wa pili ni sura ya Mwanamfalme Diponegoro, aliyeongoza vita vya Java dhidi ya Waholanzi kuanzia 1825 hadi 1830. Alikamatwa katika mji wa Magelang, Java, tarehe 28 Machi 1830, katika mazungumzo aliyoitiwa kwa jina la amani, kisha akapelekwa Batavia. Huko Adrianus Johannes Bik, ofisa wa sheria wa mji huo ambaye awali alikuja Java kama mchoraji wa msafara wa kisayansi, alimchora akiwa mateka. Kichwani ana kilemba, amevaa joho la mtu wa dini, mtandio umepita begani, na kirisi, yaani jambia la Kijava, limechomekwa kwenye mshipi. Mashavu yamebonyea kidogo na mifupa ya uso imejitokeza, kwani alikuwa amesumbuliwa na homa za malaria alipokuwa akijificha porini. Mchoraji wa aina asingekuwa na haja ya mashavu hayo, kwa sababu ugonjwa wa mtu mmoja hauelezi kabila lolote. Bik aliyaacha kama alivyoyaona.

Mchoraji Mholanzi Nicolaas Pieneman, ambaye hakuwahi kufika Java, naye alichora kwa rangi za mafuta tukio la Diponegoro kujisalimisha, akiwa Uholanzi, ili kumtukuza jenerali aliyemkamata. Wakati huo Diponegoro alikuwa ameshasafirishwa kwa meli kwenda uhamishoni, kwanza Manado, kisha Makassar, miji ya kisiwa cha Sulawesi, alikofariki tarehe 8 Januari 1855 bila kuiona Java tena.