Shule ya wamonaki mjini Newark ambayo wavulana huiendesha wenyewe

Wakuu wa shule ninaowafundisha masuala ya uongozi na nidhamu huniuliza mara kwa mara kama ipo sekondari ambayo wanafunzi wake wamekabidhiwa madaraka ya kweli, zaidi ya kupiga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Mfano ninaoutumia zaidi uko Newark, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani. Ni St. Benedict's Preparatory School, shule iliyoanzishwa kama ya wavulana mwaka 1868 na wamonaki (watawa wa kiume wa Kikatoliki) Wabenedikto, ambayo kazi yake kuu ni kuwaandaa vijana wa mjini kuingia chuo kikuu. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa sana Wabenedikto ni akina nani, maana Peramiho na Ndanda, zenye abasia (monasteri) zao, ni majina ya kwetu, ingawa abasia ya Newark ni ya shirikisho jingine na imekaa katikati ya jiji la viwanda, penye msongamano na kelele zake zote.

Kwa takriban karne nzima shule hiyo iliwasomesha zaidi watoto wa Wakatoliki wenye asili ya Ulaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia familia nyingi za Wazungu zilihamia vitongojini, huku Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya Kusini wakiingia mjini wakati ambapo ajira za viwandani zilikuwa zikipungua. Julai 1967, baada ya polisi kumkamata na kumpiga dereva wa teksi Mweusi, zilizuka ghasia zilizodumu siku kadhaa na kuacha watu 26 wakiwa wamekufa. Waliobaki na uwezo wa kuhama wakahama, idadi ya wanafunzi ikashuka, wamonaki wenyewe wakagawanyika kuhusu mustakabali wao, na mwaka 1972 shule ikafungwa. Sehemu ya wamonaki walihamia abasia ya Morristown, eneo lenye utulivu na ukwasi zaidi.

Wamonaki waliobaki Newark walikuwa na sababu ya kubaki ambayo wengi wanaoisifu shule hii huiruka. Mmonaki wa Kibenedikto huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya aliyoingia mpaka kufa kwake. Hahamishwi kama padre wa jimbo anavyohamishwa parokia. Kwa watu waliofungwa na nadhiri ya namna hiyo, mji ulipobadilika, swali likawa ni nani sasa anaishi mlangoni pao na anahitaji nini. Mwaka 1973 walifungua tena shule ikiwa na wavulana wasiofika 100, chini ya Padre Edwin Leahy, mmonaki ambaye hakuwa ametimiza miaka 30 na ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa shule hiyohiyo. Aliendelea kuiongoza kwa takriban miaka 50. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mipango mizuri ya nidhamu ikifa pale mkuu wa shule anapopewa barua ya uhamisho kabla darasa alilolipokea halijahitimu.

Upande wa taaluma nitaupitia kwa kifupi. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa kama wetu wa kidato cha nne. Chuo kikuu huangalia alama za miaka minne, kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, uzito wa masomo aliyochagua mwombaji, barua za walimu, insha yake na, kwa baadhi ya vyuo, matokeo ya majaribio ya SAT. Juu ya hayo kuna fomu za msaada wa fedha zinazomtaka mzazi aeleze mapato yake kwa undani. Mtoto wa daktari huyajua haya mezani kwao, ilhali mtoto ambaye hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kukanyaga chuo anaweza kuharibu nafasi yake akiwa darasa la tisa bila kujua kwamba alama zimeshaanza kuhesabiwa. Shule ya maandalizi ya namna hii hufanya kazi ya mzazi aliyepita njia hiyo.

Asubuhi shule nzima hukusanyika katika ukumbi wa michezo. Wavulana hukaa kwa vikundi vyao, na kila kikundi huchanganya wakubwa na wadogo na kuwa na kiongozi wake mwanafunzi. Huimba, husali, husikiliza matangazo, kisha mahudhurio huchukuliwa. Hapo ndipo mgeni kutoka shule zetu angeshangaa, kwa sababu rejista haiko mikononi mwa mwalimu wa zamu. Kiongozi wa kikundi ndiye anayetoa taarifa ya waliopo na wasiopo mbele ya wote, na kama mmoja hayupo, kikundi chake ndicho kinachowajibika kujua yuko wapi na amepatwa na nini. Juu ya viongozi hao yupo mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho anayeongoza mkusanyiko wenyewe na kusimamia shughuli za kila siku.

Mizizi ya utaratibu huu iko katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki hao, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura yake ya 3 inamtaka abate, yaani mkuu wa abasia, awaite ndugu wote linapotokea jambo zito, kwa hoja kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora zaidi.

Wanaoingia darasa la tisa huanza kwa kulala shuleni siku kadhaa, kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, wakijifunza historia ya shule, nyimbo zake na majina ya wenzao, huku wanafunzi wakubwa wakiwa ndio wasimamizi wao. Mwaka huo huishia msituni. Wavulana hutembea maili 55, yaani karibu kilometa 88, katika sehemu ya njia ya milima ya Appalachia inayopita New Jersey, wakiwa wamebeba mahema na chakula mgongoni. Kila timu ina nahodha, wapishi, wa kusoma ramani na wa huduma ya kwanza, na hakuna timu inayoruhusiwa kumwacha aliyechoka. Kijana aliyezaliwa ghorofani na ambaye hajawahi kuwasha moto hujikuta akimtegemea mwenzake ambaye miezi michache iliyopita hakumjua. Kaulimbiu ya shule, kwamba kinachomuumiza ndugu yangu kinaniumiza mimi, hupata maana pale ambapo kisigino cha mmoja kimechubuka na mzigo wake unapaswa kugawanywa.

Najua hofu ya wakuu wenzangu, na ni hofu ya haki. Sote tumeona viranja waliogeuka wababe, hasa bweni linapobaki bila mtu mzima usiku. Ninavyouelewa mfumo wa Newark, unalindwa na mambo mawili ambayo hayaonekani kirahisi kwenye picha za wavulana waliovaa sare. La kwanza ni idara ya ushauri nasaha yenye wataalamu wa saikolojia, ambamo kijana aliyefiwa au anayeishi na hasira hupata mahali pa kuzungumza. La pili ni kwamba wamonaki wanaishi papo hapo, mlango wa pili. Anayechukua vikundi na viongozi wao akayaacha hayo mawili atakuwa ameazima gari bila breki.

Mfumo huu una gharama kubwa pia. Ada wanazolipa wazazi hazitoshi kuiendesha shule, kwa hiyo wahitimu na wafadhili huchangishwa mwaka hadi mwaka. Michezo imesaidia kulitangaza jina lake: Tab Ramos na Claudio Reyna, waliochezea timu ya taifa ya soka ya Marekani, walisoma hapo. Kuhusu dini, sehemu kubwa ya wanafunzi si Wakatoliki, na hakuna anayetakiwa kubadili dhehebu, ila sala ya asubuhi ni ya wote.

Mwaka 2020, baada ya shule jirani ya wasichana ya Wabenedikto kufungwa, St. Benedict's ilifungua kitengo cha wasichana. Hawakuwachanganya madarasani na wavulana, na wasichana walipewa vikundi na viongozi wao wenyewe. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa kama wangeingizwa katika ngazi ambazo wavulana walikuwa wamezishika kwa miongo mitano, wangebaki wageni kwa muda mrefu, wakati wanaofungua kitengo kipya wana nafasi ya kuweka desturi zao tangu siku ya kwanza.