Suala la kimaadili katika kampuni kubwa ni lipi hasa?

Kampuni ya kimataifa ikipata kashfa yoyote siku hizi, habari husema "imekumbwa na suala la kimaadili". Maneno hayo yamebebeshwa kila kitu, kuanzia rushwa hadi ugawaji wa madawati. Maana yake ni finyu zaidi: kampuni ina uwezo wa kufanya jambo lenye faida kwake, sheria ya pale haikatazi, lakini kuna watu watakaoumia kwa jambo hilo.

Kinachonikera ni kulichanganya na uhalifu. Mwaka 2022 Glencore, kampuni kubwa ya madini na mafuta, ilikiri mahakamani kuhusika na rushwa katika nchi kadhaa, Congo ikiwemo. Hapo hapakuwa na la kupima. Rushwa ni kosa la jinai, na kuiita "suala la kimaadili" kunamfanya msomaji adhani kulikuwa na hoja za pande mbili.

Sasa angalia maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yanayotumiwa badala ya maziwa ya mama. Miaka ya 1960 na 1970, Nestlé na wenzake waliyatangaza kwa nguvu Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wanawake waliovaa sare kama za wauguzi walizunguka wodi za wazazi wakiyasifia, na mama aliyejifungua alipewa kopo la bure. Mtoto asiponyonya, maziwa ya mama hupungua na hatimaye hukauka. Kopo la bure likiisha, mama hana njia ila kununua. Bei ikimshinda, anatia vijiko vichache na maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Maji yenyewe ni ya kisima au ya mto, kuni za kuyachemshia hazitoshi, na maelezo ya kopo hawezi kuyasoma. Mtoto anaharisha, anadhoofu, na wengi walikufa.

Ni sheria gani iliyovunjwa? Kwa sehemu kubwa, hakuna. Kopo lilikuwa na maziwa kweli, na kutoa sampuli kuliruhusiwa. Mwaka 1978 Seneta Edward Kennedy aliuliza katika kikao cha Seneti ya Marekani kama ni sawa kuuza bidhaa hiyo mahali pasipo na maji safi. Mwakilishi wa Nestlé, Oswaldo Ballarin, alijibu kwamba kampuni haiwezi kubeba jukumu la maji. Kisheria jibu lile lilisimama, lakini kampuni ilijua kopo linakokwenda na maji yatakayotiwa humo. Hilo ndilo suala la kimaadili.

Wateja wa Marekani walianza kuisusia Nestlé mwaka 1977. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa hayo kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Leo, muuzaji anayegawa sampuli wodini Kenya anavunja sheria, na habari yake inapaswa kuandikwa hivyo.

Mkanganyiko wa pili ni wa misaada. Kampuni ikichimba kisima au kujenga darasa, tunasema "imezingatia maadili". Kisima ni kitu chema na wanakijiji wanakihitaji, ila hakituelezi lolote kuhusu namna kampuni inavyopata fedha zake, na maadili ya biashara yanaanzia hapo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoandika habari hizi, nawaomba muulize kwanza kama kuna sheria iliyovunjwa. Ikiwa ipo, tajeni kosa kwa jina lake: rushwa, wizi, ukwepaji kodi.