Kabla ya kulipia "zimebaki chache"

Muuzaji anapotaka kupandisha bei ya gari la spoti hapa Lubumbashi, siku hizi anamtumia mteja picha ya orodha ya usajili ya Uingereza, mstari mmoja umezungushiwa duara jekundu: zimebaki chache! Kazi yangu ni kukagua magari kabla mnunuzi hajatoa makuta yake, na swali langu la kwanza huwa ni hili: namba hiyo imehesabu nini?

Kiwanda huhesabu magari. Ofisi ya usajili huhesabu jinsi yalivyoandikwa. Chukua Subaru Impreza 22B ya mwaka 1998: 400 za soko la Japani, 16 za Uingereza, 5 za Australia na 3 za majaribio, jumla 424. Lakini baadhi ya zile za Japani nazo ziliingia Uingereza mikononi mwa waagizaji binafsi, na gari lililoingia kwa njia hiyo linaweza kuandikwa "Impreza" tu. Hapo toleo moja linatawanyika kwenye mistari kadhaa, na kila mstari peke yake unaonekana adimu sana.

Tena orodha hizo za Uingereza zina hesabu mbili. Moja ni ya magari yanayoruhusiwa barabarani, nyingine ni ya yale ambayo wenyewe wametangaza kuwa wameyapumzisha, utaratibu ulioanza mwaka 1998. Gari la spoti la zamani hukaa gereji miaka. Anayekuonyesha hesabu ya kwanza tu amekuficha sehemu ya magari yaliyo hai.

Mfano mkubwa uko Ujerumani. Januari 2007 walihesabu magari madogo milioni 46.6, Januari 2008 yakawa milioni 41.2. Zaidi ya milioni tano yalitoka kwenye takwimu kwa mwaka mmoja, na sababu kubwa haikuwa kuchakaa: yale yaliyofutiwa usajili kwa muda yaliacha kuhesabiwa. Mtu akikuchorea mstari wa toleo fulani likishuka ghafla mwaka huo, usitoe hata dola moja zaidi.

Sasa turudi kwetu. Motokari nyingi za Japani zinatufikia kupitia Dar es Salaam au Durban, kisha mpaka wa Kasumbalesa, usukani bado uko kulia. Karte roze (kadi za usajili wa gari) ninazoletewa mara nyingi zinasema "Toyota Celica", basi. Hapo ndipo mtu hupoteza pesa, maana Celica ya kizazi cha sita ilikuwa na modeli ya ST202 inayovuta kwa magurudumu ya mbele, na GT-Four ST205 yenye turbo, inayovuta kwa magurudumu manne. Ndani ya ST205 yenyewe kulikuwa na toleo la WRC, 2,500 zilizotengenezwa ili Toyota ikubaliwe kwenye mbio za rali, likiwa na mfumo wa kunyunyizia maji kipoza hewa cha turbo. Karatasi inayosema "Celica" haitenganishi hata moja kati ya hizo.

Kwa hiyo naomba kwanza cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, kwa sababu kinabeba namba ya shasi na alama ya modeli. Nazilinganisha na zilizogongwa kwenye bodi. Kisha natoa sumaku: boneti ya ST205 ni ya alumini, sumaku haishiki. Mwisho nalala chini kutafuta difu ya nyuma, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Boneti inaweza kubadilishwa na bawa la nyuma likafungwa mchana mmoja. Kuipa ST202 mfumo mzima wa magurudumu manne ni kazi ambayo hakuna muuzaji anayejisumbua nayo.

Shasi ikisema ST202, naandika bei ya Celica ya kawaida kwenye ripoti, hata kama ile picha ya simu inasema zimebaki tatu.